Haiko na nyama, ni ndagala tu

Siku ya posho iliyopita nilitoka studio saa saba mchana, njaa ikiwa imenishika vizuri, nikaingia katika mgahawa mmoja wa mbao kandokando ya barabara ya kwenda Ndosho. Sitautaja jina, kwa sababu jambo lililonipata pale limekwisha kunipata katika migahawa mingi ya mji wetu wa Goma, na tena yule mama mwenyewe ni mtu mwema. Nilimsalimia, nikamuuliza kuko nini.

— Kuko bugali, muchele, viazi. Kuko nyama ya ng'ombe, kuko mbuzi, kuko samaki.

— Na sombe?

— Sombe iko.

— Haiko na nyama ndani?

— Hapana dada, haiko na nyama.

Sahani ikafika, sombe ikitoa moshi, mafuta ya mawese yaking'aa juu yake. Nikakata tonge la kwanza, nikachovya. Ndani ya majani kulikuwa vichwa vidogo vya rangi ya fedha, na kila kichwa kilikuwa na jicho. Nikamwita mama.

— Mama, si umeniambia haiko na nyama?

— Eeh. Haiko na nyama. Ni ndagala tu.

Halafu, aliponiona nimenyamaza, akaongeza kwa huruma: «Sombe bila ndagala, dada yangu, si ni chakula ya mbuzi?» Meza yote ya jirani ikacheka. Nami nikacheka, kwani amesema kweli kwa namna yake. Nikala bugali kwa pilipili, nikalipa bei nzima, nikarudi kusoma habari za saa tisa na tumbo nusu.

Ninyi mnaonijua kwa sauti tu, mniwie radhi ikiwa nimewashangaza: mwandishi wenu hali nyama. Hali samaki vilevile, hanywi maziwa, hali mayai. Wazungu wana neno lao kwa mtu wa namna hiyo, wanamwita vegani. Hapa kwetu hatuna neno. Tuna maswali. Uko na mimba? Ni ule ugonjwa wa vidole vya miguu? Unafunga na kuomba? Ni kanisa gani hiyo? Ni muganga amekupa mwiko? Swali la mwisho huwa linaulizwa chini chini, na mara nyingi anayeuliza ni mtu anayenipenda: mume wako amekosa kazi?

Kwenye harusi ndiko ninakopendwa sana. Mnajua namna harusi zetu zinavyokwenda. Mnapanga mstari na sahani, mnapita muchele, mnapita viazi, mnapita shu na karoti, na huko mbele kabisa amesimama kijana mwenye mikono minene, ameshika kijiko kikubwa, analinda nyama. Kipande kimoja, mutu mumoja. Hakuna kumbembeleza. Basi watu wakishajua kwamba kipande changu hakina mwenyewe, kila mmoja anataka kupanga mstari nyuma yangu. Kuna shemeji yangu mmoja ambaye hanisalimii mwaka mzima, lakini kwenye harusi ananiita «malkia».

Lakini nataka kusema jambo lenye uzito, na ili mnielewe ni lazima niwaambie ilianza wapi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023, vita ilipofika Kitshanga halafu Mushaki, watu walishuka kwa maelfu kuja Sake na Goma. Katika zile siku niliona jambo la ajabu sokoni: mahindi yanapanda, maharagi yanapanda, makala yanapanda, lakini nyama ya ng'ombe inashuka. Mhariri akanituma niulize kwa nini. Nilifikiri nitapata jibu kwa mabucha. Nililipata alfajiri moja penye machinjio.

Kulikuwa mzee mmoja aliyetoka upande wa Masisi na mtoto wake wa kiume, wa miaka tisa ao kumi. Walikuwa wametembea siku nyingi na ng'ombe wao. Kundi lote lilikuwa limekwisha njiani: wengine wamenyang'anywa, wengine wameuzwa kwa ajili ya chakula, mmoja amebaki. Mkewe alikuwa mgonjwa chini ya hema na dawa zilitaka franka. Mnunuzi alimpa bei ambayo naona haya kuitaja, na mzee akaikubali, kwa sababu anayekimbia hana nguvu ya kubishana bei. Kumbe ndiyo siri ya nyama kushuka. Tulikuwa tunakula mali ya waliokimbia.

Mtoto hakulia. Alisimama pembeni mpaka kamba ikafunguliwa shingoni, akaichukua, akaikunja polepole kuzunguka mkono kama wachungaji wanavyofanya jioni, akaondoka nayo. Sijui alikuwa anaipeleka kwa ng'ombe gani.

Jioni ile wenzangu wa kazi waliniita kwenye brosheti. Nilikaa nao, nikaagiza sukari baridi, nikaitazama sahani. Sikufanya kiapo. Nilisema tu kwamba leo sitakula. Kesho yake nikasema tena. Samaki na mayai vilifuata baada ya miezi michache. Fromaji ya Masisi ndiyo iliyonichelewesha, na nakiri mbele yenu kwamba mpaka leo nikipita sokoni mbele ya yale mafungu ya mviringo ya manjano ninageuza uso upande mwingine.

Basi wa kwanza kunipinga hakuwa rafiki wala mwenye mgahawa. Alikuwa koko yangu, mama ya mama.

Koko alizaliwa wakati ambapo, kwa makabila mengi ya huku kwetu Kivu na kwa majirani, mwanamke hakukubaliwa kula mbuzi. Wengine walimkataza kuku pia, wengine mayai. Kila mahali palikuwa maelezo yake: akila mbuzi ataota ndevu, atakuwa mkaidi kama mbuzi mwenyewe, akila yai atazaa vibaya. Wanaume hawakuota kitu. Na hata leo, katika nyumba za watu waliosoma, pikeni kuku muone firigisi inakwenda kwa nani. Koko alionja kuku mara ya kwanza akiwa na watoto watano, alipokuwa amelazwa kwa wamisionari, na anasema alikula huku ameegemea ukuta ili asionekane. Nilipomweleza kwamba mimi nimeacha, aliniangalia kwa muda mrefu.

«Mimi walininyima,» akasema. «Weye unajinyima. Ni nani alikuroga?»

Nilikosa jibu. Na bado sina jibu zima, nasema kweli. Nina nusu tu: koko aliyenyimwa na mimi ninayechagua, wote wawili tunakaa mbele ya sahani ambayo mtu mwingine anataka kututawalia. Lakini koko amekata kichwa, anasema hayo ni maneno ya redio.

Wa pili kunipinga nilikutana naye Bulengo. Nilikuwa nimeenda kwa ripoti ya maji, zile foleni za mabidoni ambazo mnazijua. Tulipomaliza kuzungumza, mama mmoja niliyekuwa nimemhoji akanikaribisha kukaa. Kwenye jiwe lake kulikuwa sufuria ya maharagi. Nikaona anamnong'oneza binti yake, binti akatoka mbio. Baada ya muda akarudi na sambaza mbili kavu ndani ya kiganja. Ameenda kuazima kwa jirani. Mgeni hali maharagi matupu.

Hapo nilifanya kosa. Nilisema haraka, bila kufikiri: «Hapana mama, mimi sikulake hiyo.» Nilimaanisha samaki. Yeye alisikia: chakula chenu kinanichukiza. Nikaona uso wake unafunga kama dirisha. Ilinibidi nianze upya, nieleze, na kueleza kulikuwa kugumu kuliko kwenye mgahawa wowote wa mji huu, maana utamwambiaje mtu ambaye ng'ombe zake, mbuzi zake na kuku zake zimebaki kwa watu asiowajua, kwamba wewe mwenye mshahara umeamua kwa hiari yako kuacha nyama?

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, kicheko kile cha mtu aliyechoka.

— Dada, weye uliacha nyama. Mimi, nyama iliniacha.

Watoto wakala sambaza, mimi nikala maharagi pamoja nao. Yalikuwa na chumvi kidogo na mafuta ya msaada, na yalikuwa mazuri. Nilipoaga akanishika mkono: «Lakini usiseme kwenye redio kwamba nilikulisha maharagi.» Baadaye nilirudi kumwomba ruhusa. Amenipa, bila jina, na ndiyo sababu ninaandika leo.

Kwani hapo ndipo penye neno langu. Si nyama. Ni haya.

Tazameni tulivyofanya. Maharagi ya Rutshuru na ya Masisi yanaota kwenye udongo wa volkano ambao nchi nyingi zingeulilia. Sombe, lengalenga, matembele, majani ya maboga, shu na viazi vya Kibumba, ndizi, mihogo, karanga, soya, avoka kubwa kama kichwa cha mtoto. Mtu anaweza kula mwezi mzima hapa Goma bila kurudia sahani na bila kugusa mnyama. Na tumekipa chakula hiki chote jina moja: chakula cha masikini. Cha wanafunzi. Cha gereza. Cha kambi. Mtoto wa mkimbizi akiulizwa shuleni amekula nini anasema samaki, na mwalimu anajua kwamba si kweli. Mama anaazima sambaza mbili ambazo atazilipa kesho kwa sababu ya mgeni aliyekaa dakika ishirini. Mwenye mgahawa anamwaga ndagala ndani ya sombe si kwa sababu ya utamu peke yake. Anaogopa kuambiwa kwamba kwake wanauza majani.

Najua watakaosema: huo ni uzungu, umeiga kwenye telefone. Niwaulize, ndagala na sambaza basi ni mila ya tangu zamani? Sambaza hata haikuwa samaki wa ziwa letu. Ililetwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wengi wa Kituku walizaliwa kabla yake. Mihogo yenyewe ilitoka Amerika, na maharagi vilevile. Tumevipokea, tumevipika kwa namna yetu, vimekuwa vyetu. Mama aliyepika sombe ya kwanza huku kwetu hakuwa na sambaza ya kutia ndani, na sombe ilikuwa sombe.

Na watu wa mifugo wameniandikia pia, wakati nilipogusia jambo hili hewani. Mmoja alinituhumu kwamba ninaua biashara yao. Ndugu yangu, aliyeua bei ya ng'ombe wako si mimi na bugali yangu ya pilipili. Wewe na mimi tunamjua. Sikatazi mtu kula nyama. Mume wangu anakula, watoto wangu wanakula, na mimi ndiye ninayewapikia, hata kama naweka chumvi bila kuonja, na mara nyingine inazidi.

Hapa niweke neno kwa akina mama, nisije nikalaumiwa. Usimnyime mtoto yai kwa sababu umesoma andiko langu. Mtoto mdogo na mama mwenye mimba wanahitaji vyakula vya nguvu, na kama samaki, yai ao maziwa vinapatikana, wapewe wao kwanza, kabla ya papa. Tumeona bwaki, tunajua nywele zinavyogeuka rangi na miguu inavyovimba. Mtoto akianza hivyo, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Hata kwa mtu mzima kama mimi kuna vitamini moja, wanaiita B12, ambayo mimea haina. Asiyekula kabisa kitu cha mnyama ni lazima aitafute kwa vidonge ao kwa chakula kilichoongezwa. Mimi naimeza. Sioni haya.

Lakini msidanganywe pia kwamba maharagi ni kitu cha kujaza tumbo tu. Maharagi pamoja na bugali ya mahindi vinasaidiana: kinachopungua kwa hiki, kile kinacho. Ukitia kitu kichachu ao kibichi pembeni, nyanya, limau, kipande cha nanasi, mwili unashika chuma ya maharagi vizuri zaidi. Chai nyeusi ukiinywa palepale na chakula, inaizuia, ingoje kidogo. Watafiti wa INERA kule Mulungu, upande wa Kivu ya Kusini, wamefanya kazi miaka mingi juu ya mbegu za maharagi yenye chuma zaidi, na wakulima wengi wa huku wamezipanda. Hicho ndicho chakula tunachokifichia mlango mgeni akibisha.

Sasa turudi mgahawani, maana nilisema nitaongea habari ya kula nje.

Nimeishi hali mbili. Kwenye hoteli za ziwani, zile za dola, wana heshima nyingi. Mhudumu anainama, anasikiliza, anakwenda jikoni, anarudi na nyanya tatu zilizokatwa, kitunguu na jani moja la saladi, halafu faktura inakuwa karibu sawa na ya mwenzangu aliyekula kapiteni mzima. Huko sikuwa na njaa ya kubishana. Ni mikutano, analipa mwenye mkutano. Kwenye migahawa ya mbao hakuna kuinama, lakini kuna kidonge cha kuku ndani ya kila kitu. Muchele una kidonge. Maharagi yana kidonge, ao yamechemshwa pamoja na mfupa «wa kutia harufu tu». Friti zimekaangwa ndani ya mafuta yaliyokaanga samaki asubuhi. Na ukiuliza, hakuna anayekudanganya kwa ubaya. Kwa mama yule, nyama ni nyama: kitu unachokiona, unachokitafuna, unachokilipia. Mfupa si nyama. Ndagala si nyama. Mchuzi ni mchuzi.

Tena siko peke yangu ninayepata shida kwa jibu hilo. Kuna watu ambao samaki anawavimbisha midomo. Kuna wagonjwa waliokatazwa nyama na daktari. Kuna Waislamu wanaouliza mfupa ule ni wa nini na umechinjwa na nani, na Waadventista wenye vyakula vyao walivyokatazwa, na Wakatoliki siku ya tano wakati wa Kwaresima. Na kuna wengi zaidi wa wote hao: watu wanaotaka kula sahani ya maharagi ya bei ndogo na hawaioni popote, kwa sababu kila sahani imetiwa kitu kidogo na kitu hicho kidogo kimelipishwa.

Hili nimelithibitisha kwa macho. Karibu na Kituku, mahali mitumbwi na mashua zinapoleta mizigo, kuna mama mmoja ninayekula kwake kwa sababu alinihurumia. Baada ya kunisikia nikiuliza mara nyingi, alianza kutenga sufuria ndogo kabla ya kutia ndagala. Sombe na puaro, kitunguu, bilinganya, karanga iliyosagwa, mawese, chumvi. Aliichemsha muda mrefu kama inavyotakiwa, maana sombe isiyoiva vizuri ni sumu. Akaiita «sufuria ya dada wa redio». Ilikuwa ya mtu mmoja.

Siku moja nikachelewa. Nilipofika sufuria ilikuwa tupu.

— Wamekula, akasema, hata hakuomba msamaha. Mabwana wa mizigo.

Sahani ya sombe na ndagala aliiuzisha franka 4000. Ile ya bila kitu, kwa aibu, aliiweka 2500. Wabeba mizigo wakaona. Wengi wao walikuwa wakimbizi, waliamka kambini saa kumi ya usiku kuja kutafuta mzigo, walibeba mpaka mgongo unalia, na franka walizopata walizigawa: za chakula cha leo, na za kupeleka kwa watoto. Kwa tofauti ile ya franka 1500 mtu anarudi na fungu la lengalenga mkononi. Wasukuma chukudu wakafuata. Yule mama akaongeza sufuria, akaweka na ya maharagi pembeni. Hakuandika kokote «vegani». Ameandika kwa makala juu ya ubao: SOMBE TUPU, MAHARAGI TUPU.

Sitaki mfikiri ilikwenda vizuri moja kwa moja. Mwezi wa pili mwaka 2024, wakati barabara ya Sake kwenda Minova ilipofungwa na vita, kila kitu kikawa kinangoja mashua, na maharagi yakapanda mpaka sahani tupu ikawa na bei ya sahani iliyojaa. Mama akasimamisha sufuria ile kwa majuma kadhaa. Wabeba mizigo walikula bugali na pilipili kama mimi siku ya posho, tofauti ni kwamba wao walirudi kubeba magunia na mimi nilirudi kukaa mbele ya mikrofoni. Aliianza tena baadaye. Sasa iko, siku nyingine haiko.

Basi ombi langu kwa wenye migahawa ni dogo, halitaki projet wala semina. Tengeni sufuria kabla ya kutia. Ndagala itiwe mwisho, kwenye sehemu ya wanaoitaka. Andikeni ubaoni kile kilichomo ndani, na bei ya kilichopungua ipungue. Mtu akiuliza «haiko na nyama?», jueni anauliza pia mfupa, samaki na kidonge. Kama kimo, semeni kimo. Ataagiza viazi, hatawachukia.

Kwa waandaji wa sherehe, nasema hivi tu: lile pipa la maharagi ambalo mnalificha jikoni kwa ajili ya wapishi na walinzi, leteni mezani. Nimelionja mara nyingi huko nyuma, pamoja na wapishi. Ndicho chakula kizuri kuliko vyote vya siku ile, na wapishi wenyewe wanajua.

Na kwa yule mama wa Bulengo, ambaye najua ananisikiliza kwa redio ya jirani: nitarudi juma lijalo kwa sababu ya yale mabomba ambayo bado hayatoi maji. Nitafika karibu saa sita. Usimtume mtoto kwa jirani. Nitaleta chumvi, na puaro, na avoka mbili kama bei itaniruhusu.

Siku ya kwanza nilipita tena kwa mama wa barabara ya Ndosho. Aliniona tangu mbali, akaweka mkono kiunoni.

— Dada wa mbuzi, karibu. Leo nimekuwekea majani yako pembeni.

— Haina ndagala?

— Haina.

— Haina mfupa?

— Haina.

— Haina kidonge?

Akafikiri kidogo.

— Nusu tu, akasema.